Kununua Boti Wakati Barabara Zimefungwa

Barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru ilifungwa bwana yangu akiwa upande wa pili. Alikuwa amekwenda kuvuna maharagwe ya shamba letu na kuniahidi kwamba angerudi na magunia mwisho wa juma. Waasi wakashuka, vita vikaikata njia katikati, akabaki huko. Mwanzoni tulisemezana kwa simu karibu kila jioni. Baadaye mtandao ukawa haba, akawa anapanda kilima kuutafuta, nami nikawa nasikia upepo mwingi na maneno machache. Halafu nikipiga, sauti iliyojibu ilikuwa ya yule mwanamke wa kampuni anayesema kwamba namba haipatikani. Nilimpigia hata nilipojua atakachosema.

Binti yetu wa pekee alikuwa ameolewa Bukavu. Mimi nikabaki na nyumba ya mbao tuliyoijenga juu ya mawe ya volkano, palepale ambapo nyumba yetu ya kwanza iliungua mlima ulipolipuka, sisi tukiwa tumeoana karibuni. Katika mlipuko wa pili, miaka mingi baadaye, moto ulisimama mbali nasi. Tulirudi kutoka Sake tulikokimbilia tukakuta kufuli likiwa mlangoni vilevile tulivyoliacha, na bwana yangu akacheka kwa sauti kubwa mpaka majirani wakatoka kutazama. Sasa nyumba ilikuwa nzima, lakini nilikuwa nikipika chakula cha mtu mmoja kwenye sufuria ya watu wengi, kwa kuwa sikuwa na nyingine.

Kazi yangu ilikuwa kuuza maharagwe. Njia ya kaskazini ilipofungwa nilianza kununua Masisi, na ya Masisi nayo ikafungwa. Kilichobaki ni ziwa. Vyakula vya Goma vilikuwa vinatoka Minova kwa boti, na wenye boti walipakia kwanza mizigo ya jamaa zao. Nilishinda Minova nikiomba nafasi huku magunia yangu yakinyeshewa. Siku nilipofungua gunia nikakuta maharagwe yameota mizizi myeupe, niliamua kutafuta boti yangu mwenyewe.

Sikuwa mgeni wa jambo hilo. Nilizaliwa Idjwi, na baba yangu alikuwa fundi wa boti. Hakupata mtoto wa kiume, kwa hiyo ni mimi niliyemshikia mbao, nikamchemshia lami, nikasokota pamba ya kuziba nafasi kati ya ubao na ubao. Alifariki kabla sijaolewa.

Boti ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa Kituku, mahali ambapo mizigo inashuka. Ilipakwa rangi ya buluu iliyong'aa hadi ikaniumiza macho. Mwenyewe alikuwa kijana mnene mwenye miwani ya jua. Alinitazama, akatazama nyuma yangu kama anayemngoja mtu mwingine afike.

"Mama, bwana yako iko wapi? Boti ananunuaka mwanaume."

"Ninanunua mimi."

"Basi angalia. Rangi mupya, moteri muzuri. Unatafuta nini tena?"

"Niko natafuta mbao."

Nilipanda ndani. Nilikuwa na kisu changu cha kumenyea viazi. Baba alinifundisha kwamba ubao mzima ukiuchoma kwa ncha ya kisu unakataa, na uliooza unakubali. Nilianzia chini kabisa, pale maji yanapokusanyika, nikachoma pembeni mwa kila ubavu wa boti. Karibu na nyuma, kisu kiliingia kama ndani ya ndizi iliyoiva. Nikakwangua rangi kidogo na kucha. Chini yake kulikuwa na bati lililopigiliwa misumari, na chini ya bati hakukuwa na ubao wa maana tena, ni unga mweusi unaonuka uyoga.

"Hapa mulifunika," nikasema.

Yule kijana alivua miwani. "Nani alikuambia uharibu rangi yangu? Toka! Mwanamuke asiye na bwana anakuja kunizarau mbele ya batu!"

Wapakuzi walicheka. Nilishuka, na kwa kuwa hakuna aliyenipa mkono nikaruka, maji yakanifika magotini. Nilitembea hadi nyumbani na kitenge kimelowa. Nilijua nilikuwa na haki, lakini sikuwa na mtu wa kumwambia hivyo, na haki ya namna hiyo haimsaidii mtu kulala.

Ya pili niliisikia kwa mwanamke anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani: muzee mmoja upande wa Mugunga alikuwa na boti nchi kavu, hafanyi nayo kazi. Nilimkuta ameketi kando yake juu ya jiwe. Wakimbizi wa kambi ya hapo karibu walikuwa wakiteka maji pale na kumpita kama vile hayupo. Mke wake alikuwa amefariki. Vijana aliofanya nao kazi walikuwa wameondoka, wengine jeshini, wengine hakujua wapi.

"Karibu, mama," alisema. "Unaweza kuiangalia. Haikimbie."

Haikuwa na rangi yoyote. Mbao zilikuwa za kijivu, na kati yake kulikuwa na nyufa zinazopitisha mwanga. Mtu asiyejua angeondoka. Nilichoma kila mahali, na kisu kilikataa. Nilitazama misumari: ilikuwa na kutu juu tu, haikuwa imelegea. Nilijilaza chini nikaangalia kama mgongo wake umenyooka, mchanga ukanijaa nywele. Ubao wa nyuma unaobeba moteri ulikuwa umebadilishwa na mtu mwenye mkono mzuri.

"Imekauka tu," nikasema. "Tuitie mayi ikunywe. Mbao zikivimba, njo tutajua kama inavuja kweli."

Muzee alinigeukia kwa mara ya kwanza. "Nani alikufundisha?"

"Baba yangu, wa Idjwi."

Akainuka juu ya jiwe lake. Tuliwaomba watu watusaidie kuisukuma, tukaizamisha kwenye maji mafupi na kuibana kwa mawe. Kuanzia hapo nilikwenda kila asubuhi kuona jinsi nyufa zilivyokuwa zinajifunga. Kusema kweli, boti haikuhitaji kuangaliwa kila siku. Lakini muzee alikuwa anachoma viazi vitamu, alinipa kimoja, na tulikaa tukitazama maji bila maneno mengi. Tangu bwana yangu apotee sikuwa nimekula chochote kilichopikwa na mkono wa mtu mwingine.

Mbao zilipovimba tuliitoa maji, muzee akafunga moteri yake, tukapakia magunia yaliyojaa mawe ili tuijaribu na mzigo. Tulielekea magharibi, upande wa Sake, tukifuata ufuko. Ilikwenda vizuri. Nilikaa chini katikati na mkono wangu juu ya mbao, nikitafuta mahali penye unyevu. Kulikuwa na jasho tu, hakuna mchirizi. Nilianza kufikiria jinsi ya kuomba anipunguzie bei.

Ndipo mabomu yakaanza kuanguka Sake. Yalikuwa yanaanguka siku nyingi kwa mbali, lakini haya yalikuwa karibu, kifua kiliyasikia kabla ya sikio. Kwa ghafla watu wakatokea kwenye migomba na kushuka mpaka majini, na magodoro, na masufuria, na mbuzi mmoja. Walitupungia vitambaa wakipiga kelele.

Muzee alipunguza moteri. Hakuwatazama wale watu, alinitazama mimi.

"Mama, boti ingali yangu," alisema. "Lakini wewe njo unaijua hizi mbao leo. Zitabeba?"

Sijawahi kuulizwa swali zito namna hiyo. Ningesema hapana, angegeuza, na hakuna mtu duniani angenilaumu. Niligusa mbao tena.

"Zitabeba," nikasema. "Tutupe mawe."

Tulimwaga magunia ziwani na kusogea ufukoni. Waliingia wakikanyagana. Muzee alipiga kasia juu ya maji na kupaza sauti: "Kwanza batoto! Bintu bibaki!" Magodoro yalibaki. Mbuzi alibaki akilia. Nilipoona maji yamekaribia ukingo nilimshika muzee mkono, naye akaondoa boti, ingawa kulikuwa bado na watu wamesimama majini hadi kiunoni. Mwanaume mmoja kati yao hakupiga kelele. Alitunyooshea tu mkoba mdogo wa mkewe, ambaye tulikuwa tumempakia, nami nikanyoosha mkono na sikuufikia.

Tulikwenda polepole sana. Mwanamke nisiyemjua aliniwekea mtoto wake magotini ili aweze kutapika, na mtoto akalala hapohapo, mzito, mwenye joto. Mkono wangu mmoja ulimshika yeye na mwingine ulikuwa chini kwenye mbao. Jasho likawa michirizi myembamba, nikawaambia wanawake watoe maji kwa masufuria. Mbao zilishika.

Huko Mugunga walishuka haraka kama walivyopanda. Yule mwanamke alichukua mtoto wake, akasema, "Asante, mama," akapotea katikati ya wengine kuelekea kambini. Magoti yangu yakapoa. Muzee alizima moteri. Tulitaka kurudi kuwachukua waliobaki, lakini boti ya wanajeshi ilitukataza kupita, na jambo hilo silizungumzi sana.

"Sasa umeiona," muzee alisema.

"Nimeiona, papa."

Sikuomba apunguze bei, nilimlipa yote, ya boti na ya moteri. Baada ya siku chache alikwenda Kalehe kwa watoto wa dada yake, na boti ikawa yangu. Niliajiri dereva, nikabeba maharagwe na makaa kutoka Minova. Maisha yakaenda. Mji ulipochukuliwa na waasi, barabara ya kaskazini ilifunguka, nikapanda teksi-basi mpaka Rutshuru. Shamba lilikuwa limeota majani marefu. Majirani walisema bwana yangu aliondoka na kundi la watu kuelekea mpaka wa Uganda, na hawajui zaidi. Nililala kwa mmoja wao, nikarudi Goma.

Kulikuwa na kipindi ambapo boti zote zilipigwa marufuku kusafiri. Madereva walikaa nyumbani. Lakini mvua haikupigwa marufuku, na boti ya mbao isiyotolewa maji inazama ikiwa imefungwa. Kila asubuhi nilishuka na ndoo. Kwenye boti ya jirani alikuja mwanamke mwingine, wa umri wangu, naye na bakuli lake la plastiki. Hakuniambia kwa nini yuko peke yake, nami sikumwambia.

"Mama, jambo."

"Jambo, mama. Yako ilijaa?"

"Ilijaa sana."

Kisha tuliinama, kila mmoja ndani ya boti yake, tukawa tunamwaga maji ziwani.