Pampu, Valvu na Wimbo wa Kisimani

Kuna siku moja ya kiangazi naikumbuka, mwanangu, na naishukuru hadi leo ingawa ilinitia aibu. Nilikuwa fundi kijana wa kompyuta, nimetoka miji ya kusini na kichwa kikubwa. Nje ya mji wa Wajir nilifunga mitambo miwili ya kompyuta: mmoja kwenye pampu ya kisima kirefu, mwingine kwenye valvu ya kuingizia maji tangini, mbali kidogo. Ule wa pampu ulituma amri kwa redio, "fungua sasa", ukahesabu sekunde tano kwa saa yake, kisha ukasukuma maji. Majuma mawili amri iliwahi. Siku hiyo ikachelewa, maji yakakuta valvu imefungwa, bomba likapasuka. Na ngamia wenye kiu walikuwa wameshafika.

Wenyeji, Waborana, hawakunitukana. Walirudi kwenye kisima chao cha zamani, nami nikashuka kusaidia. Pale vijana husimama ngazi kwa ngazi ndani ya kisima, mmoja juu ya mwenzake, wakirushiana ndoo huku wakiimba. Mimi nikajitia hodari: mara mbio, mara nachoka. Ndoo ikaniponyoka, ikamgonga begani kijana wa chini yangu.

Mzee Guyo, mwenye kisima, akasimamisha wimbo. "Wewe fundi, ona Jarso, huyu juu yako. Yeye iko polepole, lakini polepole yake ni moja kila siku, mkono ya mwenzake nazoea. Wewe mara mbio, mara kulala. Nani atajua ndoo yako nakuja lini? Wacha kusikia kichwa yako, sikia wimbo."

Loo, nilitamani kisima kinimeze! Lakini nilielewa. Ujumbe kuchelewa si neno. Ubaya ni kuchelewa kusikotabirika, na mitambo miwili, kila mmoja na saa yake, isiyofuata wimbo mmoja. Bomba lilipozibwa, saa zote mbili nilizifungamanisha na saa ya setilaiti. Amri ikawa "fungua saa nne kamili", ikitumwa mapema, na valvu isipojibu kwamba imefunguka, pampu haiwaki. Ngamia wakanywa.

Basi, mwanangu, usiuamini mtandao kwa kuwa jana ulikuwa mwepesi. Linganisha saa kwanza, upe ujumbe nafasi ya kuchelewa, na wewe mwenyewe uwe mtu ambaye wenzake wanajua ndoo yake itafika lini. Mzee Guyo ametangulia mbele ya haki. Kila niwashapo mtambo humshukuru kwa jina. Nawe Mungu akujalie, siku utakayokosea, ukosee mbele ya watu watakaokupisha katikati yao na kukupa ndoo.