Msumari Kisimani

Walimwita Msumari kwa sababu hakukosa msumari nyuma ya sikio, kama seremala na penseli yake. Mgodi ulipofungwa, wenye mali waliondoka na mitambo, wakamwachia mlima wa mabaki ya mawe nyuma ya nyumba. Akaula mlima huo. Aliunyunyizia tindikali iliyozimuliwa kwa maji, ikapenya taratibu, ikachuruzika chini ikiwa buluu hadi kwenye bwawa alilolitandikia plastiki. Akichovya msumari ukatoka mwekundu, shaba imo. Hapo huteremsha vyuma chakavu, shaba ikavigandia, naye akaikwangua.

"Imo?" mkewe huuliza kutoka jikoni.

"Imo, mama!" Na siku hiyo nyumba hucheka.

Mkewe alikuwa na kisima chake, ambacho majirani wote walichota bure. "Shimo lako na kisima changu visijuane," alimwonya mapema.

Msumari aliteremsha kila chuma kwa mkono, ncha kali akizifunga matambara zisitoboe plastiki. Lakini mwaka huu mawingu yalitanda, bwawa likakaribia kufurika, akaingiwa na pupa. Akabinua toroli zima la vipande vya mabati, vyuu! Haraka haraka haina baraka, lakini nani huikumbuka methali mvua ikimnyemelea?

Kesho yake maji ya bwawa yalikuwa yamepungua. "Jua limeyanywa," alijisemea, na jua lenyewe halikuonekana tangu juzi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi shahidi.

Siku zikapita. Maharage ya mkewe yakanyauka, ilhali mvua inanyesha.

"Mume wangu, mbona chai inakwaruza ulimi?"

"Uzee huo," akamtania.

Alfajiri alikwenda kisimani peke yake, akavuta ndoo, akausugua msumari kwenye jiwe mpaka ukang'aa. Maisha yake yote aliuomba uwe mwekundu. Leo aliusihi ubaki kama ulivyo. Aliuchovya, akangoja.

Ulitoka mwekundu.

Akaketi chini kwenye tope. Aliwaza vikombe vyote vilivyonywewa wiki hizo, watoto wa jirani, mkewe. Hakuna dawa ya kuirudisha shaba mlimani.

Nyuma yake ndoo ziligongana. Wanawake walishafika na kupanga foleni, mkewe mbele. Akauona msumari mkononi mwa mumewe.

"Imo?" akauliza, kwa sauti ndogo.

Msumari alifungua kinywa kumjibu, akaanza kulia.