Tabora hadi Akheri, Kutafuta Majina ya Picha

Dada yangu Neema alitundika sebuleni, kwenye fremu nzuri, picha ya muuza ndizi wa Tengeru niliyempiga safari iliyopita, akidhani ni bibi yetu. Ndiyo sababu ya safari hii.

Kurasa zangu za safari naziandika kwenye simu kwa maandishi ya kawaida na alama chache: nyota kandokando ya neno la kukolezwa, alama ya reli (#) mbele ya kichwa cha habari. Programu ndogo huzisoma alama hizo mstari kwa mstari na kutoa ukurasa mnaoufungua huko nyumbani. Ila programu hiyo haikujua kuwa kuna kitu kinaitwa maelezo ya picha. Niliyoyaandika chini ya picha iliyahesabu kuwa aya ya kawaida, na kwenye kioo chembamba cha simu aya hiyo ikaenda kukaa juu ya picha iliyofuata. Hivyo jina la bibi likamwangukia muuza ndizi.

Picha halisi ya bibi ni ya zamani na ina wanawake watatu. Baba aliondoka Meru kijana, akafanya kazi ya reli, akazeekea na kufia Tabora bila kutusimulia mengi. Aliyebaki wa kutuambia bibi ni yupi ni Shangazi Eliakunda wa Akheri, na macho yake yameanza kufifia.

Arusha niliingia jioni kwa basi, nikipitia Singida na Babati. Niliwahi kuishi mji huu ujanani nikiuza vitenge, na nilipohisi baridi yake shingoni nilifurahi kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Asubuhi nilikwenda kwa Rekha, aliyeitengeneza ile programu. Familia yao inauza vitambaa katikati ya mji tangu enzi za babu yake, na yeye hufanyia kazi zake nyuma, kati ya majora. Baba yake alikuwa kaunta.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umekuja kununua au kumsumbua binti yangu?”

“Kumsumbua, mzee.”

“Basi pita. Wateja hawafiki huko nyuma.”

Rekha alicheka mpaka akaweka chai chini. “Kaka Elisante, yule mama wa ndizi anajua kwamba ana wajukuu Tabora?”

Kisha akaingia kazini. Akaamua kwamba mstari ulio chini ya picha, ukianza na nukta pacha mbili, ndio maelezo yake. Programu itaviweka vyote viwili katika sanduku moja, picha ikihama na maneno yanahama. “Mstari mmoja unatosha,” alisema. “Nani, wapi, basi.” Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa inafanya kazi.

Akheri nilifika alasiri kwa pikipiki kutoka Tengeru, kati ya migomba na mibuni, mifereji ikipiga kelele pembeni. Shangazi alikuwa jikoni akikoroga loshoro, mahindi kwenye maziwa ya mgando.

“Marahaba, mwana wa kaka yangu,” aliitikia. “Umekonda. Tabora hamli?”

Tulipokwisha kula alienda na picha mlangoni kwenye mwanga, akaisogeza karibu na pua.

“Huyu wa katikati,” alisema. “Andika.”

Akaanza. Jina, binti wa nani, kuolewa na nani. Kila alipotua kuvuta pumzi, nilianza mstari mpya. Nilimtumia Rekha, naye akanirudishia ukurasa: jina lilikuwa ndani ya sanduku, mengine yote yamemwagika nje. Ugonjwa uleule. Nikapiga simu, nikaweka sauti ya juu.

“Kaka, fupisha,” alisema Rekha. “Hayo ni maelezo ya picha, si mahubiri.”

Shangazi akainamia simu. “Binti, mama yangu hatajwi nusu. Akina Ndekirwa ni wengi mlimani huku. Ukimwacha baba yake na aliyemwoa, utakuwa umemtaja nani?”

Kwa mbali tukamsikia baba yake Rekha: “Mama anasema kweli! Hata babu yako, ukiandika jina tu, nusu ya mtaa wataitika.”

“Haya, nimezidiwa kura,” alisema Rekha. “Maelezo yataanza kwa nukta pacha mbili na yatabaki wazi, hata yawe aya ngapi, mpaka uyafunge kwa nyingine mbili. Ukisahau kufunga, programu itasimama kwenye picha inayofuata na kukuambia kosa liko mstari gani. La sivyo ukurasa mzima utageuka maelezo.”

“Hapo sawa,” alisema Shangazi, kama aliyeelewa kila neno. Kisha akaongeza sentensi moja ya mwisho, polepole, nami nikaiandika.

Kesho yake, dukani, Rekha alikuwa ameijaribu programu kwa picha ya babu yake mbele ya duka. Baba yake alisimama nyuma ya kiti chake akisema, “Weka na kijiji alichotoka.” Ikakubali. Ikakubali na yetu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na haja ya kunisaidia, na sijui nitawashukuru vipi.

Tabora nilirejea nikiwa nimejifunza kwamba jina huwa na watu wake, na mahali pa kuliandika lazima pawatoshe. Neema alimshusha muuza ndizi kwa heshima, akaufungua ukurasa mpya, akasoma kwa sauti mbele yetu wote:

“Ndekirwa, binti wa Kaanaeli, wa wale waliochimba mfereji wa juu. Aliolewa na Elifuraha kahawa ikiwa inachanua. Kulia kwake ni wifi yake Aikande, kushoto ni jirani. Mwanawe wa pili alikwenda Tabora na reli. Kila kahawa ilipouzwa alimwekea fungu lake la nauli ya kurudi.”

Mama, mjane wa baba, akamwomba asome tena kuanzia mwanzo.