Mti wa Asali wa Mama

Kisahani cha wino wa dole gumba kilikuwa kimeshawekwa mezani kabla hatujaketi. Kilinikera kuliko kitu chochote katika ile ofisi ya mtaa wa Kasuku. Tulikuwa Watwa watano, watu wa msituni, tumetoka upande wa Tunda, tumekuja mjini Kindu kwa ajili ya karatasi ambayo ingeturuhusu kuusimamia msitu wetu wenyewe. Watu wa ofisi walikwisha kuamua kwamba hakuna kati yetu ajuaye kuandika.

Karani alisoma kwa Kifaransa. Nikamwomba arudie kwa Kiswahili. Akatazama saa, akarudia. Mstari wa tatu ulisema tungekuwa na kamati yetu, lakini msitu ungebaki wa chefu, mtawala wa kijiji jirani, nasi humo ni wageni wake. Wageni! Mimi nimezaliwa humo na mama yangu amezikwa humo.

Chefu mwenyewe alikaa mbele yangu, mzee sasa, kofia magotini. Nilimfahamu tangu vita.

Nilikuwa msichana mdogo wakati watu wenye bunduki walipoingia kijijini kwao. Wanakijiji wakakimbilia kwetu msituni, wale wale waliokuwa hawakubali tunywee kikombe kimoja nao. Mama aliwaonyesha pa kujenga vibanda na mizizi ya kula. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikaa misimu miwili ya mvua, na jembe hatukuwapa.

Kwetu, anayeona nyuki juu ya mti hukata alama yake kwenye gome. Tangu hapo asali ni yake, na mwingine akiigusa ni mwizi, hata awe na njaa vipi. Mke wa chefu alikuwa amejifungua na maziwa hayatoki kwa njaa. Chefu akauona mti wenye mikato mitatu, alama ya mama. Hakupanda. Alikuja kibandani kwetu, akachuchumaa.

"Mama, nakuomba. Kama unakubali, nipande."

Mama alimwacha achuchumae kidogo. Alikuwa na kiburi chake, Mungu amrehemu. Kisha akampa asali yote ya mti ule.

Basi pale ofisini nikasimama. Mwenzangu alinivuta kitenge. Niliogopa, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Baba chefu, wakati wa vita, ile asali uliomba kwa nani?"

"Mama, mu ajenda ya leo vita haiko," karani akaingilia.

"Acha ajibu. Wapi uliona mwenye nyumba anaomba mugeni ruhusa ya kula?"

Chefu aliizungusha kofia yake. Angeweza kukana, maana mashahidi wengine wote wamekwisha kufa. Nilijiandaa kumwita mwongo mbele ya watu.

"Niliomba kwa mama yake," akasema polepole. "Mutoto yangu aliponea ile asali."

"Basi futa ule mustari," nikamwambia karani. "Tutakaa hapa mpaka ufutwe."

Alimtazama chefu. Chefu akaitikia kwa kichwa. Karani akaufuta, akanisogezea kisahani cha wino.

Nikakirudisha kwake, nikaomba kalamu. Niliandika jina langu kwa herufi kubwa, na kando yake nikachora mikato mitatu. Chefu aliitambua bila kusomewa.