Siku Mama Alipogeuza Nyumba

Rangi ile ilinuka mpaka kooni. Ilikuwa nyeupe, nzito, imetiwa katika kopo la maziwa ya unga, na hata leo mtu akipaka geti lake hapa mtaani Mapendo, mimi ulimi unakauka. Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, nina miaka minane au tisa, sijui vizuri, maana hakuna aliyeandika. Kwanza walikuja watu wa kamba na vijiti, wakanyoosha barabara juu ya mawe meusi ya volkano, pale pale tulipokuwa tunaanika maharage, wakaiita avenyu. Kisha tukaambiwa kila nyumba itaandikwa nimero, yaani namba yake, na nyumba itakayokosa nimero itavunjwa, mtaa unyooke.

Shida yetu ilikuwa moja. Papa alijenga kabla ya barabara, akaelekeza mlango upande wa jikoni, ambako njia ya zamani ilipita. Barabara mpya ikapita nyuma. Kwa hiyo nyumba yetu iliwapa watu mgongo: ukuta mtupu wa fito na udongo, hata dirisha hakuna. Asubuhi ya kuandika, karani alitangulia kukagua mstari mzima, kaptura imepigwa pasi mpaka inakata, kitabu kwapani. Alipofika kwetu akasimama.

“Mama, hii nyumba imetupatia mugongo. Mulango iko wapi?”

“Iko kule nyuma, karani. Zunguka tu.”

“Mi sizunguke. Nimero inaandikwa ku mulango, na mulango inaangalia avenyu. Hakuna mulango, hakuna nimero. Tukimaliza mustari, kazi imeisha.”

Akaenda zake. Papa alikuwa Masisi, katika shamba la pareto la mzungu, na harudi kabla ya siku kumi. Na kwetu mwanamke alikandika ukuta wa mume wake, hakuuvunja. Aliyeuvunja alihesabiwa amejifukuza mwenyewe. Jirani yetu, Mama Bahati, alikuja amefunga mikono kifuani.

“Weye Mama Sifa, ngojea bwana yako. Ukivunja nyumba ya mwanaume, utaenda kulala kwenu.”

“Na bakiivunja bale ba nimero, nitalala kwako? Nitakuja na batoto sita, na mbuzi.”

Mama Bahati akafungua mikono, akarudi kwake. Alimjua mbuzi yule.

Mama akachukua jembe. Mimi, Sifa mwenyewe, nilipewa kazi ya kukimbia mpaka chini ya mstari na kurudi kusema wapaka rangi wamefika wapi. Nilikimbia miguu mitupu juu ya mawe yale makali, wala sikuyasikia. “Mama, bamebakiza nyumba tano!” Vumbi jekundu, fito zinalia, mama anakohoa na kupiga. “Mama, bamebakiza mbili!” Tundu likatokea, mwanga ukaingia, na hapo ndipo tulipoona kosa. Kwa haraka yake mama alikuwa amevunja upande wa kitanda. Aliyesimama barabarani alikiona kitanda cha baba na mama yangu chote, mkeka na mto. Aibu gani! Mama alitupia kitenge juu yake, akakimbilia nyuma, akaung'oa mlango wa zamani, akaubeba kichwani, akausimamisha kwenye tundu. Bawaba hakuna, misumari hakuna. Akabaki ndani ameushikilia kwa mikono miwili.

Karani akafika na mpakaji wake wa rangi. Akatazama ukuta, akatazama udongo uliomwagika, akainama.

“Mama, mulango yako iko na vidole.”

“Iko mupya, karani. Haiyazoea kusimama.”

Mpakaji alicheka mpaka kopo likatikisika. Karani hakucheka, lakini nilimwona akiuma mdomo. Akasema, “Andika.” Wakaandika kumi na saba, kubwa, na mama hakuuachilia mlango mpaka rangi ilipokauka.

Papa aliporudi, majirani walitoka wote kusimama, wanangoja kuona mwanamke akifukuzwa. Alizunguka nyuma kama kawaida yake, akakuta mkeka umeziba palipokuwa na mlango. Akarudi barabarani, akasimama mbele ya nimero muda mrefu. “Nani amefanya hii?” Mama akajibu kutoka ndani, “Ni mimi. Ingia, lakini inua muguu, kuko kitanda.” Papa akaingia. Tukasikia amejigonga. Akatoka na nyundo, akaanza kupigilia bawaba, na majirani wakarudi kwao mmoja mmoja. Katika nyumba mbili chini yetu, nazo zilizoipa barabara mgongo, wake walikuwa wamengojea waume zao. Kabla ya mvua nyumba hizo zilikuwa zimevunjwa, zimelala chini.

Leo wajukuu wangu wanakaa nyuma ya mageti ya chuma. Ukimuuliza mmoja anakaa wapi, anasema shuka kwenye famasi, nipigie simu, nitakuja kukuchukua. Nimero iko juu ya kichwa chake, haijui! Siwalaumu sana, hakuna aliyewahi kuwatishia kuwavunjia. Lakini parseli ile, kiwanja cha Papa, ni yetu mpaka sasa. Nyumba ya fito iliisha, ya mbao ikaisha, sasa tuko kwenye matofali. Juzi kijana wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, alikuja kuandika upya nimero na wenye nyumba, ana adabu nzuri, akaniita koko, yaani bibi. Akauliza, “Koko, muzee mwenye parseli iko?” Nikamwambia hapa hakuna muzee wa kungojea, andika jina langu. Akatazama karatasi yake, akanitazama mimi, akaandika.