Funga ya Mwatumu

Watu wa Moa walimsifu Mwatumu kwa kufunga, na aliyewatia maneno hayo mdomoni ni dada yake mwenyewe, Asmahani. Uweso, mume wa Mwatumu, alikufa mwaka wa hamsini na tano. Eda ikaisha, wanawake wakaja kumwogesha na kumtoa nje. Mwatumu akarudi chumbani vilevile, akajilaza ameelekea ukuta. Chakula kikawa kinatoka kama kilivyoingia.

"Anafunga," Asmahani aliwaambia majirani. Ulikuwa mwezi wa Rajabu, nani abishe? Jioni Mwatumu alionja uji kijiko kimoja, akasukuma bakuli.

Asmahani alimwita Rafaeli, dresa wa zahanati, aje kumpiga mdogo wake sindano ya nguvu. Rafaeli hakupiga sindano. Alizungumza na Mwatumu saa nzima, akatoka uso umemshuka.

"Mama, huzuni hii imeshakuwa ugonjwa. Anasema amechoka kuishi. Hospitali ya Tanga yuko daktari anayewasikiliza watu kama hawa, akawatibu. Mpeleke kesho."

"Mdogo wangu si mwendawazimu!" Asmahani alifoka. "Na wewe Mkristo, funga zetu utazijulia wapi?"

"Mtu anayefunga hufuturu, mama."

Ah, maneno yale yalimchoma! Maana hata yeye Asmahani, mdogo wake alishamwambia kwamba amechoka kuishi. Lakini aonekane anampeleka ndugu yake kwa daktari wa wenye wazimu? Moa nzima iseme? Bora sifa. Alimfukuza Rafaeli.

Ikapita Shaabani, ikapita Ramadhani, sifa zikazidi. Asubuhi ya Idi Asmahani aliingia na chai ya maziwa na mkate wa kumimina.

"Kula, mdogo wangu. Leo kufunga ni haramu."

"Sifungi, dada," Mwatumu alisema, sauti haisikiki vizuri. "Wala sikuwa nikifunga."

Asmahani alikimbia miguu mitupu hadi kwa Rafaeli. Wakapata gari, wakamfikisha Tanga jioni ile. Daktari aliuliza kitu kimoja tu: kwa nini wamechelewa? Siku ya tatu Mwatumu akafa.

Matangani wanawake wakaanza tena. "Kafa mfungaji, hongera yake."

"Nyamazeni!" Asmahani alipiga kelele. "Hakufunga hata siku moja! Alikuwa mgonjwa, akaniambia, nami nikawadanganya kwa kuogopa midomo yenu!"

Wakatazamana. Jirani mmoja akamvuta, akamfunika kanga begani.

"Muacheni," akawaambia wenzake. "Ni uchungu tu huo. Atapoa mwenyewe."