Viatu vya Hija vya Fundi Kwato

Fundi viatu mmoja alikuwa na miguu mipana hivi kwamba akikanyaga tope leo, kesho utakuta bata wanaogelea humo. Watu wakamwita Kwato. Miguu hiyo aliirithi kwa baba yake, na hakuirithi peke yake. Dada yake mkubwa, muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara, alikuwa nayo vilevile, ukucha kwa ukucha. Kutoka kwenye kigoda chake Kwato aliyaona magunia ya dada mchana kutwa, lakini walikuwa hawasemezani tangu siku ya harusi ya dada, na sasa dada ana wajukuu.

Mwaka huo Kwato akaamka na jambo. Alitaka kwenda hija ya miguu, mpaka mlima mtakatifu, arudi na roho mpya.

"Hii ya zamani imechakaa," alimwambia mkewe.

"Si uitie kiraka, wewe si fundi?" mkewe akajibu, huku anachambua maharage.

Akaanza na viatu. Wateja waliofuata vyao walivikuta vimelala midomo wazi, fundi anashona vyake: ngozi nene, soli mbili, uzi uliopakwa nta. Vilipokwisha akavitazama kama bwana harusi. Kisha akavivaa, na alipofika mlangoni alikuwa anatembea kama kuku aliyefungwa kamba. Ngozi mpya hailainiki kwa mafuta tu, inataka mguu wenye shughuli. Na mguu wa Kwato kazi yake ilikuwa kukaa.

Mzee aliyeongoza msafara wa hija naye alikuwa na sharti lake: "Mwenye kinyongo, mlima humrudisha. Kila mtu akapatane kwanza na aliyegombana naye."

Kwato akazunguka mtaa mzima kuomba radhi. Alimwomba radhi muuza nyama, ambaye mpaka leo hajui alikosewa nini. Alimwomba radhi mama mkwe, kaburini, kwa sauti ya kusikiwa na majirani. Akamwomba radhi hata mbuzi aliyewahi kumpiga teke, na mbuzi, wanasema, aligeuza uso.

"Umemaliza?" mkewe akamuuliza.

"Nimemaliza."

"Na ng'ambo?"

"Yule alinirushia kiatu mbele ya wakwe. Aje yeye."

Kiatu kilirushwa, ni kweli. Ila Kwato ndiye aliyemshonea bibi harusi viatu, akavibana makusudi ili wakwe wasiione miguu ya ukoo. Bibi harusi akachechemea mpaka mbele za watu, akavua kimoja, akamtwanga nacho puani. Kovu lipo.

Safari ikakaribia, viatu bado vigumu kama mbao. Kwato akapata maarifa.

"Mpelekee wifi yako avivae, avilainishe. Usimwambie ni vya nani."

"Miguu hiyo mnayo wawili tu dunia nzima," mkewe akasema. "Atadhani ni vya nani, vya tembo?"

Lakini akavipeleka. Kwato akawa anachungulia: dada anabeba gunia, anashusha gunia, viatu vinakunjika vizuri. Akachekelea peke yake.

Asubuhi ya safari viatu havijarudi. Nyimbo za msafara zinasikika mwanzo wa mtaa, Kwato yuko kizingitini na mkoba mgongoni, miguu mitupu.

"Nenda kavichukue, mama watoto."

"Kupeleka nimepeleka mimi, kufuata kafuate wewe. Barabara ndiyo hiyo, haina hata mto."

Akavuka. Wapo wanaoapa kwamba wazee walizeeka zaidi wakimsubiri afike upande wa pili. Dada alikuwa mlangoni, viatu mguuni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umefuata viatu au umenifuata mimi?"

"Viatu."

Dada akaanza kufunga mlango. Nyimbo zikasogea. Kwato akaushika mlango.

"Vile vya harusi nilivibana makusudi. Niliionea haya miguu yetu."

"Hilo nalijua tangu hatua ya kwanza, mdogo wangu. Nilitaka tu likutoke mdomoni." Akamwangalia pua. "Kovu linauma?"

"Wakati wa baridi."

"Pole. Nililenga mdomo."

"Basi nipe viatu, dada, wananiacha."

"Vipi, hivi? Vimeshanizoea." Akanyanyua furushi lililokuwa nyuma ya mlango, akajitwika. "Nimejiandikisha juzi. Mzee aliniuliza kama nina kinyongo, nikamwambia ninacho kimoja, ila mwenye kosa ataniletea radhi mlangoni. Chunga mkaa wangu. Lile gunia la pembeni ni vumbi tupu, usimuuzie mtu."

Akaingia msafarani, soli mbili zikilia barabarani. Kwato akabaki na magunia, anapima mkaa, uso mweusi mpaka kope. Mkewe akavuka kumletea chai.

"Ndiyo roho mpya hiyo?"

"Nyamaza, nina mteja."

Mlimani hajafika mpaka leo. Akiulizwa kuhusu hija, anasema viatu vyake vimekwenda.